Kifusi chako kinampandishia nani maji? Namna ya kupima athari ya kujaza bonde la mto, hatua kwa hatua

Kila masika yakikaribia hapa Dar swali huwa lilelile, mtu kanunua kiwanja bondeni kwa bei nafuu, kaita matipa yamwage kifusi, ardhi imepanda kama mita moja, anauliza je sasa niko salama? Yeye inawezekana yuko salama kweli. Asichouliza ni yale maji yaliyokuwa yakilala pale kwenye kiwanja chake mvua ikinyesha yameenda wapi, na jibu ni kwamba yameenda kwa mtu, yameingia nyumba ya mtu ambaye mwaka juzi yaliishia kwenye ngazi na mwaka huu yamefika kwenye godoro. Hiyo kitu inapimika kabisa, haihitaji uwe profesa, nataka nieleze inavyopimwa ili ukiletewa ripoti inayosema "athari ni ndogo" ujue uulize nini, na kama wewe ndo unayejaza ujue unachofanya.

Mfano wangu utakuwa Msimbazi kwa sababu ndo mto ninaoujua, unaanzia milima ya Pugu, unashuka Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unafika Jangwani halafu unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 wengi tunayakumbuka, watu zaidi ya 40 walikufa, familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi tu kwa sababu ya maji. Mvua ni sababu, mchanga unaoshuka toka Pugu na kuinua kitanda cha mto ni sababu, taka ni sababu, lakini bonde lenyewe kuliwa kidogo kidogo na kifusi ni sababu pia, na hii ndo iko mikononi mwetu.

Kwanza elewa bonde linafanya kazi gani

Bonde lina kazi mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupitisha maji, yaani mto ukijaa maji yanapanda kingo na yanaendelea kutembea juu ya bustani za mchicha kuelekea baharini, polepole lakini yanatembea. Ya pili ni kuhifadhi, maji yanatanuka, yanakaa masaa kadhaa, kule chini yanafika kwa mafungu badala ya kufika yote kwa mpigo. Kifusi kinaua kazi zote mbili. Ukiua ya kwanza anayeumia ni jirani wa juu ya mto, maana maji yanajibana na kurudi nyuma kama foleni ya magari barabara ikipungua njia. Ukiua ya pili anayeumia ni wa chini, maana maji ambayo yangesubiri kwako yanamfikia mapema na kwa wingi. Kwa hiyo yeyote anayekuambia "tumepima pale kwenye kiwanja na maji hayajapanda" hajakujibu, maana pale penye mbano wenyewe maji yanaweza kwenda kasi na kina kikashuka kidogo, huku mita 100 juu yake watu wanabeba vitu kichwani.

Hatua ya 1: Tafuta alama za maji

Kabla ya kompyuta nenda kwa watu. Waulize wazee wa mtaa, wenye maduka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maji ya mwaka fulani yalifika wapi. Usikubali "yalifika hapa" kwa mkono hewani, omba kitu kinachoonekana, mstari wa tope ukutani, rangi iliyobabuka, taka zilizonasa kwenye senyenge. Kule Kigogo kuna mama alinionyesha msumari kwenye fremu ya mlango, marehemu mume wake aliugongea pale asubuhi maji yalipoanza kushuka, akasema nataka watoto wajue, umepigwa rangi mara mbili lakini kichwa bado kinaonekana, na ukipapasa na kidole chini yake unakuta mbao imevimba mpaka sakafuni wakati juu yake ni laini kama mpya. Msumari ule una thamani kuliko kurasa 50 za ripoti.

Kila alama iandike, mwaka, saa kama wanakumbuka, nani alikuwepo, piga picha ukiwa umesimamisha futi kamba pembeni. Alama 3 zinatosha kuanza, 6 ni nzuri zaidi, na ziwe juu ya kiwanja, usawa wake, na chini yake.

Hatua ya 2: Zilete alama zote kwenye levo moja

Chagua sehemu moja isiyohama, mfano kona ya zege ya daraja au kalavati, ipe urefu wowote, tuseme mita 10.00, na vyote utavipima kutokea hapo. Ukiwa na mpima ardhi mwenye mashine ya levo na stafu ni kazi ya siku moja. Ukiwa huna, chukua ule mpira mwembamba wa plastiki unaoona maji ndani, ule mafundi wanaotumia kupatanisha levo za kuta, ujaze maji uhakikishe hakuna kapovu ka hewa hata kamoja, mtu mmoja anashika upande wa darajani mwingine upande wa alama, maji yakitulia usawa ni uleule pande zote. Mpira wa mita 20 unakupeleka hatua kwa hatua, mara 10 ushatembea mita 200. Unachosha lakini hauongopi.

Tahadhari kubwa hapa, usitumie urefu wa ardhi unaouona kwenye simu au ramani za bure za setilaiti, zile zinakosea kwa mita kadhaa na wewe unatafuta tofauti ya sentimita 20, ni sawa na kupimia dhahabu kwenye mizani ya kuuzia mkaa. Kinachosaidia ni ramani za Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015 ambapo vijana wa vyuo pamoja na wakazi walizunguka mitaa ya Dar wakiweka mitaro, nyumba na njia za maji kwenye OpenStreetMap. Hizo zitakuonyesha mitaro ambayo hukujua ipo.

Hatua ya 3: Kata mto vipande

Unataka kujua umbo la bonde. Vuta kamba kukatisha mto toka ukingo wa juu wa bonde upande huu mpaka upande wa pili, kila mita 2 au 3 pima ardhi iko chini ya kamba kwa kiasi gani, na ndani ya mto pima kila mita moja. Fanya wakati wa kiangazi maji yakiwa kidogo, vaa mabuti marefu na glovu, maji yale ni machafu sana sio ya kuingia miguu wazi. Vipande viwe angalau vitano, kimoja katikati ya kiwanja, kimoja chini yake, vitatu juu yake kwenda mpaka kama kilomita moja. Na kama kuna kalavati au daraja pima tundu lake vizuri, upana, urefu, na tope limeziba kiasi gani, mara nyingi nusu ya tundu ilishaliwa na mchanga.

Kwanini kilomita moja? Kuna hesabu ya haraka ya kujua maji yanayorudi nyuma yanafika wapi, kina mara 0.7 gawanya kwa mteremko. Mto wenye kina cha mita 3 wakati wa mafuriko na unaoshuka mita 2 kwa kila kilomita, yaani mteremko 0.002, unapata mita 1,050. Kwa hiyo jirani yako kwenye hili suala sio yule mliyepakana naye ukuta, ni mtu ambaye pengine hujawahi kumwona.

Hatua ya 4: Maji kiasi gani yanapita

Kwa kijito kidogo kinachokusanya eneo la hekta 50 hivi unaweza kutumia fomula nyepesi, zidisha sehemu ya mvua inayotiririka kwa ukali wa mvua kwa hekta, gawanya kwa 360. Mtaa uliojengwa sana weka 0.7, mvua ya milimita 60 kwa saa, hekta 50, unapata kama mita za ujazo 5.8 kwa sekunde. Kwa mto mkubwa kama Msimbazi hiyo haifai kabisa, hapo tumia alama zako za hatua ya 1, ukishajua maji yalifika wapi na umbo la bonde unarudi nyuma kuhesabu yalikuwa kiasi gani, kwa fomula ya Manning ambayo kila injinia wa maji anaijua. Kasi ni sawa na radiasi ya maji kwa kipeo cha theluthi mbili, zidisha kipeuo cha pili cha mteremko, gawanya kwa namba ya ukwaru, yaani namba inayoonyesha ardhi na mimea vinakwamisha maji kiasi gani. Radiasi ya maji ni eneo la kipande gawanya kwa urefu wa ardhi inayoguswa na maji. Ukwaru, mto msafi ni 0.03 hadi 0.035, wenye majani na mawe 0.05, bonde lenye bustani na uzio 0.06, penye vichaka vizito au vibanda vilivyobanana inafika 0.1 na zaidi.

Ukitaka kuhakiki, siku mto umejaa kiasi simama darajani mahali salama, mtu wa juu adondoshe chungwa, pima sekunde za kufika chini. Mita 30 kwa sekunde 15 ni mita 2 kwa sekunde, zidisha 0.85 maana juu maji yanaenda kasi kuliko chini, unapata 1.7. Usiingie majini kwa ajili ya namba, kamwe.

Hatua ya 5: Hesabu yenyewe, kabla na baada

Hapa ndo moyo wa kazi kwa hiyo tuende taratibu. Chukua mto wa kufikirika lakini unaofanana na vipande vingi nilivyoona, mfereji upana mita 10, kina mita 2 mpaka ukingoni, halafu bonde mita 25 kulia na mita 25 kushoto. Mafuriko yanafunika bonde kwa mita 1, kwa hiyo mfereji una kina cha mita 3. Mteremko 0.002, ukwaru wa mfereji 0.035, wa bonde 0.06.

Mfereji unapitisha kasi ya 2.12, mara eneo la mita za mraba 30, ni karibu 64. Bonde linapitisha kasi ya 0.75 mara mita za mraba 50, ni kama 37. Jumla mita za ujazo 101 kila sekunde. Ona hapo, bonde linalodharauliwa ati maji yamesimama tu linabeba zaidi ya theluthi ya mto mzima.

Sasa jaza upande mmoja wote, mita 25 zimeondoka. Mto hauna habari na kifusi chako, unaleta zile 101 vilevile. Jaribu kina kipya mpaka hesabu irudi kwenye 101, kwenye Ekseli ni dakika mbili, utakuta maji juu ya bonde lililobaki yamefika kama mita 1.27. Yamepanda sentimita 27. Haya, jirani wa ng'ambo naye anaona mwenzake kajaza na yeye maji yamemzidi, anajaza upande wake, maana angefanyaje? Sasa umebaki mfereji peke yake, na maji yanapanda mpaka karibu mita nzima juu ya pale yalipokuwa mwanzo, na ukihesabu na msuguano wa zile kuta mbili za kifusi inazidi hapo.

Rudia kuisoma hiyo. Upande wa kwanza ulipandisha 27, upande wa pili uliongeza karibu 70, kwa idadi ileile ya matipa. Ndo maana kupima kiwanja kimoja kimoja ni kujidanganya, kila mmoja peke yake anaonekana mdogo. Marekani wana utaratibu mmoja naukubali, wanapochora njia ya mafuriko wanachukulia kwamba pande zote mbili za bonde zitajazwa, wanaangalia wanaweza kubana mpaka wapi kabla maji hayajapanda zaidi ya futi moja kwa jumla ya wote, na ndani ya njia iliyobaki hakuna kujaza kunakopandisha maji hata kidogo. Miji mingine kule imeweka masharti makali kuliko hayo.

Kuwa mkweli pia na upande wa pili, hesabu hii inachukulia kifusi kimeendelea mbali kufuata mto. Kiwanja kimoja cha urefu wa mita 30 hakitaleta 27 peke yake, kitaleta pungufu ya hapo, kwa hiyo usimpelekee mtu namba hii kama ndo ya kwake, itumie kuonyesha bonde likijazwa lote itakuwaje.

Hatua ya 6: Hesabu ujazo uliopotea

Hii ni rahisi na karibu hakuna anayeifanya. Kiwanja cha mita 40 kwa 25, maji yalikuwa yanafika kina cha mita 1, umeondoa mita za ujazo 1,000 za nafasi. Hizo ni lita milioni moja, yaani maboza 100 ya lita 10,000 yamepangwa foleni na yote yanamwagwa mtaani kwa watu. Hesabu sehemu ya kifusi iliyo chini ya levo ya mafuriko tu, iliyo juu yake haijanyang'anya maji nafasi.

Na hapa kuna njia ya kurekebisha, chimba sehemu nyingine ya bonde hilohilo ujazo uleule, na kwenye levo ileile. Ukijaza levo ya juu halafu ukachimba shimo chini kabisa, shimo linajaa maji mvua ya kwanza kabla mafuriko hayajaanza, siku yenyewe halina nafasi. Kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, ule ambao Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, wazo la kuchimba bonde ili mto upate nafasi na kuinua kingo limo ndani, kwa hiyo kuinua ardhi sio dhambi kwa kila hali, ila inapangwa kwa bonde zima na inaendana na kuchimba.

Hatua ya 7: Kompyuta, ukiwa na uwezo

Programu ya HEC-RAS, inayohesabu levo za maji ya mto kwenye kompyuta, ni ya bure, imetengenezwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, na ndo inayotumika sana. Ingiza vipande vyako, ingiza maji, rekebisha ukwaru mpaka levo za kompyuta zikutane na misumari yako, ukikosa kwa zaidi ya sentimita 15 au 20 rudi saiti kuna kitu hujakiona. Halafu nakili faili, kwenye nakala inua ardhi pale penye kifusi, usiguse kitu kingine chochote, pitisha maji yaleyale, toa levo moja kwa nyingine. Uzuri wa kutoa ni kwamba makosa mengi ya data yako kwenye pande zote mbili, kwa hiyo tofauti inaaminika kuliko levo yenyewe.

Endesha mafuriko ya ukubwa tofauti, ya miaka 10, ya 50, ya 100. Na ya miaka 100 sio kwamba yanakuja mara moja kwa karne, maana yake kila mwaka nafasi ni asilimia 1, ukikaa kwenye nyumba miaka 30 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Kama uko karibu na Salenda weka na bahari, maji kupwa na maji kujaa, hasa wakati wa bamvu, maana bahari ikiwa juu mto hauna pa kwenda. Na endesha mara moja kalavati ikiwa imezibwa nusu na chupa za plastiki na matope, maana ndo hali yake halisi Aprili.

Ukiletewa ripoti ya mtu mwingine

Angalia kwanza "hali ya sasa" waliyoanzia ni ipi. Ujanja ninaoukuta ni kifusi kinamwagwa usiku miezi sita kabla, halafu anakuja mpimaji anapima ardhi iliyokwishainuliwa anaiita ya asili, bila shaka tofauti itatoka sifuri. Fungua picha za setilaiti za miaka ya nyuma ulinganishe. Pili angalia kama wametoa levo za juu ya mto au za kiwanjani tu. Tatu, je wamehesabu na viwanja vingine vilivyojazwa au wanavyoomba kujaza? Nne, alama za mafuriko ya kweli ziko wapi, kama hakuna hata moja basi kile ni kuchora tu.

Na kabla ya yote hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, kwa hiyo futi kamba ndo ianze, kabla ya HEC-RAS. Nje ya hapo bado kuna NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa tathmini ya mazingira, kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kuna halmashauri. Ukipeleka malalamiko usipeleke maneno matupu, peleka picha za alama, jedwali la levo, mchoro wa vipande viwili kabla na baada, ujazo uliopotea kwa mita za ujazo, na orodha ya nyumba zilizo ndani ya ile kilomita moja ya juu. Kurasa 4 zinatosha, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita rudi na futi yako. Gonga msumari mpya pale maji yalipofika, andika tarehe pembeni kwa rangi ya mafuta, pima toka msumari wa zamani mpaka huo, na uiweke hiyo namba kwenye daftari karibu na ile uliyoihesabu.